Mwendo Ambao Sinema Hazituonyeshi

Tusidanganyane. Dodge Challenger ya 1970, lile gari la Kimarekani la milango miwili na injini inayonguruma, limefufuliwa na sinema. Vanishing Point (1971) ililipa hadithi, Quentin Tarantino akalirudisha katika Death Proof (2007), na 2008 Dodge ikatoa Challenger mpya yenye sura ya ile ya zamani. Mashabiki wanalewa mwendo, wanauita uhuru.

Uhuru wa nani? Mojawapo ya viwanda vilivyounda Challenger hizo ni Dodge Main, Hamtramck, mji uliozungukwa na Detroit. Mei 1968 wafanyakazi wake waligoma: kazi ilikuwa ikikimbizwa kupita uwezo wa mikono yao. Weusi miongoni mwao wakaunda DRUM, wakapambana na kampuni na hata chama chao cha wafanyakazi. Yaani mwendo tunaoushangilia ndio huohuo waliougomea.

Na filamu yao ipo: Finally Got the News (1970). Mbona hiyo hakuna anayeifufua? Gari tunalikumbuka mpaka rangi. Aliyelikaza nati hata jina hatumuulizi. Mapenzi ya namna hiyo kwa zamani, mimi siyataki.