MALORI YAPITE, UFUNDI UBAKI

Mwananchi wa Tunduma hana haja ya kuambiwa kwamba biashara inakwenda. Huiona ikipita mlangoni pake usiku na mchana: shaba ya Zambia na Kongo ikielekea bandari ya Dar es Salaam, mafuta, mbolea na magari yakielekea Nakonde na mbele yake. Lakini mwulize kijana wa hapa sehemu yake katika safari hiyo ni ipi, naye atakuonyesha bega lake. Yeye ni mchukuzi. Hupakia, hupakua, hulipwa kwa siku, na kesho huanza upya kana kwamba jana hakufanya kazi.

Tarehe 17 Julai, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Dira hiyo yataka ifikapo mwaka huo pato la Taifa liwe Dola trilioni 1, na wastani wa pato la kila mtu uwe Dola 7,000 kwa mwaka. Sisi twaiunga mkono. Lakini twawakumbusha wanachama kwamba wastani ni hesabu, si chakula. Mtu mmoja akipata Dola 13,999 na jirani yake akapata Dola 1, wastani wao ni 7,000, na mmoja wao amelala na njaa.

Basi ni kitu gani kitakachomfikisha huyu wa pili kwenye meza? Twajibu: ufundi. Asiye na ufundi hukodishwa. Mwenye ufundi husikilizwa.

Wazee wetu walilijua hilo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na ni hapa Tunduma inapovuka mpaka. Hawakungoja reli iishe ndipo watafute watu wa kuiendesha. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walikwenda Beijing kusomea kazi ya reli. Waliporudi, chuma kilikuwa kimetandikwa na kichwa cha kukiongoza kilikuwa tayari.

Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua reli hiyo hiyo. Twauliza bila kuzunguka: vijana wangapi wa Mbozi, Momba, Ileje na Songwe watatoka katika kazi hiyo wakiwa mafundi wa injini, wa umeme na wa kuchomelea? Au watatoka na sururu walizoingia nazo?

Serikali imefungua mlango. Sera ya Elimu iliyozinduliwa Januari 2025 imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Ni jambo jema. Lakini shule ya amali isiyo na karakana, wala vifaa, wala mwalimu aliyewahi kushika kazi yenyewe, ni kibao cha barabarani tu. Na mafunzo yafuate mahali. Tunduma yahitaji mafundi wa malori na vijana wajuao taratibu za forodha. Mbozi yahitaji wajuao kukaanga na kufungasha kahawa, maana hata leo sehemu kubwa ya kahawa ya nchi hii huuzwa nje ikiwa buni mbichi, na faida ya kuikaanga hubaki ugenini.

Mtaji nao upo. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wananchi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu wake utazamwe upya. Mwaka 2024 ikarudi. Ilisimamishwa kwa nini? Kwa sababu fedha zilikwenda kwa vikundi hewa, na wengine walikopa bila nia ya kulipa.

Hapa tuseme kweli ingawa inauma. Kiongozi wa Chama anayempendekeza shemeji yake na kumwacha fundi wa kweli hatofautiani na kupe. Ananyonya jasho la mama lishe aliyelipa ushuru. Wanachama wasimwonee haya mtu wa namna hiyo. Wamtaje kikaoni, mbele ya uso wake.

Kwa hiyo kila tawi lina kazi tatu. Kwanza, liandike daftari la vijana wake: nani anajua kazi gani, nani anataka kujifunza ipi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, limtake diwani wake asome hadharani orodha ya vikundi vilivyokopeshwa. Tatu, lidai kwamba kila mradi mkubwa unaopita katika mkoa huu uwe na nafasi za mafunzo zilizoandikwa, zinazohesabika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja Tunduma miaka mingi, na bado wenyeji wengi hawajapona. Tusiwalaumu wageni. Tushike daftari na nyundo, twende kazini.

Uhuru ni kazi. Na kazi ni kujua.