AFYA YA MAMA: Dawa Moja, Miili Miwili

Mwezi huu tunajibu swali ambalo tumekuwa tukiulizwa kliniki, na hata nje ya kanisa baada ya ibada: kwa nini vidonge vya ugonjwa wa akili ambavyo kaka anavimeza bila taabu, dada yake mwenye ugonjwa huo huo vinamletea mambo mengine?

Tunazungumzia baipola, ugonjwa wa kupanda na kushuka. Mgonjwa akipanda halali, anasema mfululizo, anagawa fedha za ada na kujiona ana uwezo wa ajabu. Hali hiyo ndiyo mania. Huwapata wanaume na wanawake karibu sawa, na dawa huituliza karibu sawa kwa wote. Lithiamu, ambayo Daktari John Cade wa Australia alitangaza faida yake mwaka 1949, haichagui jinsia katika kutuliza. Tofauti inakuja kwenye madhara, na zaidi kwenye uzazi.

Lithiamu inaweza kulegeza tezi ya shingo, na jambo hili huwapata wanawake zaidi. Mama anahisi baridi, ananenepa, anachoka, nyumbani wanasema amerudiwa na huzuni au amekuwa mvivu. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema ukweli. Haloperidoli na risperidoni nazo huweza kusimamisha hedhi na kutoa maziwa kwa mwanamke asiye na mtoto. Wangapi wamesingiziwa mimba kwa sababu hiyo! (Akina baba nao hupungukiwa nguvu za ndoa, ila wao hunyamaza na kuacha dawa kimya kimya.)

Kabamazepini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, hivyo mama anaweza kushika mimba akidhani amejikinga. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi havidhoofishwi hivyo. Mwambieni mtoa dawa mnatumia njia gani, hata asipouliza.

Lakini dawa tunayoiogopa zaidi ni valproati. Kati ya watoto kumi waliokuwa tumboni mama akiitumia, karibu mmoja huzaliwa na kilema kikubwa, kama vile mgongo wazi, na watatu hadi wanne huchelewa kukua kiakili. Vidonge vya foliki haviondoi hatari hiyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa wasipewe dawa hii. Kama binti yako anaitumia, nenda naye kwa daktari mwezi huu huu abadilishiwe, lakini asiiache mwenyewe ghafla.

Mtauliza kwa nini mambo haya yalichelewa kujulikana. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri wanawake wanaoweza kuzaa wasiingizwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa, na ushauri huo ulibadilishwa mwaka 1993. Nia ilikuwa kulinda watoto. Matokeo yake ni kwamba dawa nyingi zilipimwa kwanza kwenye miili ya wanaume.

Kwa anayetumia lithiamu kuna jambo linalotuhusu sisi waombaji. Mfungo wa kutokunywa maji, kama vile kutapika au kuhara, hupandisha dawa kwenye damu hadi kuwa sumu. Mikono ikitetemeka sana, mgonjwa akiyumba na kuongea kama mlevi, awahishwe hospitali. Mchungaji aelezwe, naye atamruhusu dada huyo aombe huku akinywa maji na kula. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo huipandisha, hivyo asizinunue dukani kienyeji.

Mimba ikiingia, wengi hutupa dawa zote siku hiyo hiyo. Kuacha lithiamu ghafla huirudisha mania upesi. Wakati wa mimba figo huitoa kwa wingi, na baada ya kujifungua hubaki zaidi mwilini, kwa hiyo damu ipimwe mara kwa mara na kipimo cha dawa kirekebishwe. Kunyonyesha kujadiliwe na daktari kabla ya siku ya uchungu.

Majuma ya kwanza baada ya kujifungua ndiyo ya hatari kuliko yote, na kukosa usingizi huchochea mania. Mama wakwe na akina baba, mtoto akilia saa nane za usiku, mwingine ambebe.