Gari la Familia: Oili ya Kawaida au ya Sinthetiki?

Siku hizi si ajabu kuona gari dogo la mtumba limeegeshwa nje ya nyumba ya sajini katika kambi ya jeshi, au pikipiki ya biashara imesimama mlangoni pa konstebo katika kota za polisi. Mara nyingi chombo hicho kimenunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, na marejesho yake hukatwa katika mshahara kila mwezi. Gari huwapeleka watoto shuleni, humkimbiza mgonjwa hospitali usiku wa manane, na siku ya soko hubeba mazao ya mama wa nyumbani. Injini ikifa kabla mkopo haujaisha, familia hubaki ikilipia chuma kisichotembea.

Kwa sababu hiyo, swali lionekanalo dogo mbele ya rafu za duka la vipuri, yaani oili ipi inunuliwe, ni swali la nyumba nzima. Kopo moja lina bei ya kawaida. La pili, lililoandikwa kwamba ni la sinthetiki, huuzwa kwa bei mara mbili, hata mara tatu. Wapo wasemao kwamba hiyo ni anasa ya matajiri. Wapo pia wasemao kwamba asiyeitumia anaua gari lake. Ukweli hauko upande mmoja, nao wafaa upimwe kwa utulivu.

TOFAUTI YAO

Kazi ya oili ndani ya injini ni kutenganisha vyuma visisuguane, kuchukua joto, kubeba masizi na uchafu hadi kwenye chujio, na kuzuia kutu. Oili zote mbili hufanya kazi hizo, na zote mbili huchanganywa na dawa za kusafisha na za kupunguza ulikaji. Zinapotofautiana ni katika msingi wake.

Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyochimbwa ardhini na kusafishwa. Hata baada ya kusafishwa, molekuli zake hubaki za ukubwa na umbo mbalimbali, pamoja na mabaki ya nta na salfa. Oili ya sinthetiki hutengenezwa kwa ufundi wa kikemia ili molekuli zake zikaribiane kwa umbo na ukubwa. Matokeo yake ni kwamba haigandi upesi kwenye baridi, haiwi nyepesi mno kwenye joto, haipotei haraka kwa kugeuka mvuke, na huchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuoza na kuwa tope.

Yafaa ikumbukwe kwamba neno sinthetiki halina maana moja kila mahali. Zamani lilimaanisha oili iliyojengwa upya kutokana na gesi au kemikali nyingine. Mwaka 1999 baraza la kusuluhisha mabishano ya matangazo ya biashara huko Marekani lilikubali kwamba hata mafuta ghafi yaliyovunjwa na kusafishwa sana kwa haidrojeni yaweza kuuzwa kwa jina hilo. Nchini Ujerumani jina la sinthetiki kamili limewekewa masharti makali zaidi. Kwa hiyo mnunuzi asiridhike na neno kubwa lililoandikwa mbele ya kopo, bali asome maandishi madogo yaliyo nyuma yake.

ILITOKA KWA WANAJESHI NA MARUBANI

Askari hawapaswi kuiona oili hii kuwa jambo geni, kwani historia yake imeambatana na vita na ndege. Mwaka 1925 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Franz Fischer na Hans Tropsch, walibuni njia ya kutengeneza mafuta kutokana na gesi ya makaa ya mawe. Katika majira ya baridi ya 1941 na 1942 majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa karibu na Moscow yaliona oili ya kawaida ikiganda ndani ya injini. Malori na vifaru vikakataa kuwaka. Baada ya vita hivyo zikaenea injini za jeti, ambazo joto lake liliiunguza oili itokanayo na mafuta ghafi, na tangu hapo ndege za jeti zimetegemea oili ya sinthetiki.

Ni rubani mmoja wa jeti, Al Amatuzio, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha ndege za kivita cha akiba katika jimbo la Minnesota, Marekani, aliyejiuliza kwa nini oili ilindayo injini ya ndege isilinde ile ya gari. Mwaka 1972 kampuni yake, AMSOIL, ilitoa oili ya kwanza ya sinthetiki ya magari iliyotimiza masharti ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani ambayo alama zake husomwa hadi leo katika maduka ya Kampala, Nairobi na Kigali.

KUSOMA KOPO

Kwenye kopo huandikwa tarakimu kama 20W-50, 15W-40, 5W-30 au 0W-20. Tarakimu iliyo kabla ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi. Ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi zaidi. Tarakimu ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto, kwa kipimo cha nyuzi 100 za Selsiasi. Kisha hufuata herufi za API. Herufi S ni ya injini za petroli, na C ni ya injini za dizeli. Herufi inayofuata S, kadiri isongavyo mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kisasa. Oili ya SF, kwa mfano, ilikusudiwa injini zilizotengenezwa mwaka 1988 au kabla yake. Kuitia katika gari la mwaka 2010 ni kulidhulumu. Alama ya SP ilianza kutumika mwaka 2020.

Kanuni ya kwanza, ambayo haina mjadala, ni kufuata kitabu cha gari. Magari mengi madogo ya Japani ya miaka ya karibuni yameandikiwa 0W-20. Oili nyepesi ya namna hiyo kwa kawaida ni ya sinthetiki, kwa maana ni vigumu kuipata sifa hiyo kwa oili ya kawaida. Mwenye gari hilo hana uchaguzi mkubwa: bei ya oili ni sehemu ya bei ya gari, na yafaa aihesabu kabla ya kulinunua.

HESABU YA NYUMBANI

Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, American Automobile Association, kililinganisha oili hizo kwa vipimo kadhaa, na kikaona kwamba za sinthetiki zilizishinda za kawaida kwa wastani wa karibu asilimia 50. Lakini ubora wa maabara na faida ya mfukoni ni mambo mawili.

Chukua mfano wa koplo ambaye gari lake hutembea kilomita 20,000 kwa mwaka na humeza lita 4 za oili. Akitumia ya kawaida na kuibadilisha kila kilomita 5,000, atabadilisha mara 4: lita 16, machujio 4, na ujira wa fundi mara 4. Akitumia ya sinthetiki, na ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu kilomita 10,000, atabadilisha mara 2: lita 8, machujio 2, na ujira mara 2. Bei ya lita ya sinthetiki ikiwa mara mbili, gharama ya oili ni ile ile, naye ameokoa machujio 2 na ujira mara 2. Bei ikiwa mara tatu, lita hizo 8 zinalingana na lita 24 za kawaida. Hapo amelipa zaidi kwa oili yenyewe, ingawa bado ameokoa machujio 2 na ujira mara 2, na faida nyingine ni ulinzi wa injini.

Hesabu hiyo huvunjika kabisa kwa mtu anayenunua oili ya sinthetiki kisha akaimwaga kila kilomita 5,000 kwa mazoea. Huvunjika pia katika vumbi. Vumbi la barabara za udongo mwekundu likipita kwenye chujio la hewa lililochoka huingia katika oili na kusaga vyuma kama msasa. Hakuna oili, hata iwe ya bei gani, iyeyushayo mchanga. Vitabu vya magari huagiza muda ufupi zaidi wa kubadilisha oili kwa gari linalokwenda katika vumbi, linalovuta mzigo mzito, au linalofanya safari fupi fupi za mjini.

NANI AITUMIE, NANI AIACHE

Oili ya sinthetiki inafaa sana kwa gari lenye turbo, hasa la dizeli. Gurudumu la turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, likiwa limepashwa moto na moshi wa injini. Oili ya kawaida huungua hapo na kuacha kaa linaloziba njia. Hata hivyo dereva asizime injini mara tu baada ya kupanda mlima na mzigo; aiache ingurume taratibu dakika moja au mbili ili turbo ipoe. Inafaa pia kwa gari lipitalo katika foleni ndefu za jua kali, na kwa injini mpya ambayo mwenyewe anakusudia kuitunza miaka mingi.

Kuhusu baridi, faida yake kwetu ni ndogo. Hata Kabale, mji ulio juu ya mita 1,800, hauna baridi ya Moscow, na oili ya 15W huko haigandi.

Gari la zamani lililoandikiwa 20W-50 au 15W-40 na kitabu chake laweza kuendelea na oili ya kawaida bila hofu, mradi ibadilishwe kwa wakati. Injini iliyochoka, inayotoa moshi wa buluu na kumeza lita nzima kati ya mabadilisho, haiponywi kwa oili ghali. Ni kumvisha mgonjwa suti badala ya kumpeleka hospitali. Aidha, oili mpya yenye dawa kali za kusafisha yaweza kuondoa tope la miaka mingi lililokuwa limeziba nyufa za sili, na uvujaji ukaonekana. Si oili iliyoitoboa sili. Imefunua ugonjwa uliokuwapo.

Wako waaminio kwamba oili hizi mbili zikikutana huharibu injini. Sivyo. Mtu akiishiwa safarini, yafaa aongeze oili yoyote yenye tarakimu na herufi zinazokubaliwa na kitabu, kuliko kwenda bila oili. Atakachopoteza ni ule muda mrefu wa sinthetiki tu.

Mwenye pikipiki achukue tahadhari ya pekee. Katika pikipiki nyingi klachi huoga katika oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari madogo zina dawa za kupunguza msuguano ambazo huifanya klachi iteleze. Atafute oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, iwe ya kawaida au ya sinthetiki.

BANDIA NI ADUI MKUBWA ZAIDI

Oili ya kawaida iliyo halisi ni bora mara elfu kuliko sinthetiki ya bandia. Wadanganyifu hukusanya makopo matupu na kuyajaza oili iliyotumika na kuchujwa. Kwa hiyo inunuliwe katika duka linalojulikana, lenye kutoa risiti, kizibo kikaguliwe, na kopo likiisha litobolewe au likatwe. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala isiachwe mahali pa watoto, na fundi anawe mikono kwa sabuni, kwani oili iliyotumika ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka huweza kuleta saratani.

Kwa magari ya serikali, uamuzi ni wa ofisa wa usafiri. Dereva hana ruhusa ya kubadilisha aina ya oili kwa maoni yake, na oili ya ghala la kikosi ni mali ya umma; haistahili kuonekana katika injini ya gari la nyumbani.

DAFTARI

Familia na iweke daftari dogo la gari: tarehe, kilomita, aina ya oili, na chujio lililobadilishwa. Baba akiwa zamu au yuko kazini mbali, mama au kijana mkubwa aweza kukagua oili kila wiki. Gari lisimame pasipo mteremko, injini izimwe kwa dakika kadhaa, kijiti kifutwe, kirudishwe na kutolewa tena. Oili iwe kati ya alama mbili; ikizidi ya juu hutoa povu, ikipungua ya chini ni hatari. Weusi wa oili ya dizeli si dalili ya kuharibika, lakini rangi ya maziwa yaonyesha kwamba maji yameingia, na gari lisiwashwe hadi fundi alione.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba yenye uwezo wa sinthetiki na gari linaloistahili, na inunue. Nyumba isiyo na uwezo huo isione haya: oili ya kawaida iliyo halisi, ya tarakimu sahihi, ikibadilishwa kila inapofika siku yake, itaifikisha injini mbali kuliko oili ghali iliyotiwa na kusahauliwa.