Gari la matope linaweza kujengwa nyumbani. Kwa nini halifiki barabarani?

Kila baada ya miezi michache picha mpya huzunguka kwenye simu zetu. Kijana wa kijijini amesimama mbele ya gari alilolijenga mwenyewe kwa mabati, bomba za chuma na injini ya pikipiki. Watu wanashangilia, kiongozi anafika kupiga naye picha, na ahadi inatolewa kwamba ataendelezwa. Kisha kimya. Ukirudi baada ya mwaka mmoja unalikuta gari nyuma ya nyumba, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva.

Tunaulizwa mara kwa mara maswali mawili kuhusu picha hizo. La kwanza: je, fundi wa kawaida anaweza kweli kujenga kwa pesa kidogo gari la kupita njia mbaya? La pili: kama anaweza, mbona hatuyaoni magari hayo yakibeba mahindi yetu? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, kwa masharti. La pili lina maelezo marefu zaidi, na linahusu ofisi kuliko gereji.

Tuanze na njia zenyewe. Tanzania ilianzisha wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, mwaka 2017, na mtandao uliokabidhiwa kwake unazidi kilomita 144,000. Sehemu kubwa ni udongo, na nyingine changarawe. Kenya nako ukiiacha lami hali ni ileile, na msimu wa masika haujali mpaka. Gari dogo lililotengenezwa Japani kwa ajili ya lami ya Japani linagusa tumbo kwenye tuta la kwanza. Land Cruiser inapita, lakini kwa kawaida ina nembo ya mradi au ya serikali mlangoni. Katikati ya hayo mawili mkulima ana bodaboda, ambayo siku hizi inabeba kila kitu, kuanzia magunia hadi mama mjamzito.

Ana pia pawatila. Mashine hizi ziliingia Tanzania kwa wingi baada ya kauli mbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, lengo likiwa kulima. Vijiji vingi vilizifungia tela, na leo zinasomba mpunga, matofali, maji na hata watu waendao mnadani. Kwa maoni yetu huo ulikuwa utafiti wa soko uliofanywa na wakulima wenyewe bila kulipwa: walionyesha kwamba wanachohitaji ni chombo cha polepole, chenye nguvu, kinachotengenezeka kijijini, na kinachobeba nusu tani bila kulalamika.

Sasa tuingie gereji. Fundi mwenye akili haanzi na bomba tupu. Anaanza na gari lililokufa: pikapu ya zamani au Land Rover iliyooza bodi, lakini chasisi, ekseli, usukani na breki bado vipo. Vitu hivyo vinne vilipimwa kiwandani na watu waliolipwa kuvipima, na kuvibuni upya nyumbani ndiyo kazi ghali kuliko zote. Bodi ndiyo inayoweza kutupwa. Ukiondoa mabati yenye kutu na kuweka fremu ya bomba, mbao na turubai, gari linakuwa jepesi, na gari jepesi halizami haraka. Pesa inaokolewa juu ya chasisi. Chini ya hapo, kila shilingi inayobanwa inarudi kudai mtu.

Kabla ya kununua chasisi, igonge kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kwa ndani kinatoa sauti ya kufa, na mahali pengine nyundo inazama. Usikubali kusikia kwamba patachomelewa kipande. Chuma cha chasisi kikichomewa ovyo hupasuka pembeni ya kovu, na hupasuka siku ya mzigo. Sehemu za usukani hazichomelewi kabisa. Mkono wa usukani ukivunjika kwenye mteremko, dereva hana la kufanya.

Wengi huvutiwa na injini ya pikipiki kwa sababu ni rahisi kuipata. Tatizo ni kwamba injini nyingi za pikipiki hupozwa na upepo wa mwendo. Gari zito likitambaa kwenye matope hakuna upepo, na injini inachemka. Nyingi pia hazina gia ya kurudi nyuma. Bajaji na pikipiki za mizigo za magurudumu matatu zimetatua hayo kwa kuongeza feni au maji na gia ya nyuma, kwa hiyo injini iliyotoka huko ni bora. Injini ya dizeli ya pistoni moja, ile ya mashine ya kusaga, ni chaguo jingine kwa anayetaka nguvu na si mbio. Inatikisa mpaka meno, lakini karibu kila kijiji kina mtu anayeijua.

Suala la kukwama linaeleweka vibaya. Watu hudhani dawa ni gari kuendeshwa na magurudumu yote manne tu. Kinachokwamisha zaidi ni difu. Difu ya kawaida huyaacha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo tofauti, ili gari likate kona vizuri. Lakini tairi moja likiingia kwenye utelezi, hilo ndilo linalozunguka bure, na lile lililokanyaga pagumu linabaki limetulia. Baadhi ya mafundi huchomelea difu ili magurudumu yote mawili yalazimike kwenda pamoja. Kwenye matope inasaidia sana na gharama yake ni vijiti vichache vya kuchomelea. Kwenye lami, tairi la nje la kona linatakiwa kwenda mbali kuliko la ndani na haliwezi; matairi yanasagika, usukani unagoma, na mwishowe shafti ya ekseli inakatika. Kwa gari la shambani litembealo polepole tunaweza kuutetea uamuzi huo. Kwa gari la abiria hatuwezi.

Jingine ni urefu. Kijana akitaka gari la matope, kwanza hunyanyua springi. Springi zikinyanyuliwa bodi hupanda, lakini tumbo la difu linabaki palepale, kwa sababu ekseli haikusogea. Kinachonyanyua difu ni tairi kubwa zaidi, na tairi kubwa nalo linaifanya gia iwe nzito kwa injini na breki ziwe dhaifu. Wakati huohuo uzito wote umepanda juu, na gari lililopanda juu hulala ubavu kwenye mteremko ambao pikapu ya kawaida ingepita. Tungependelea gari la chini kidogo, jembe moja na mbao mbili nyuma ya kiti. Jembe limenasua magari mengi kuliko difu.

Na breki. Gari la picha za mtandaoni mara nyingi lina breki za pikipiki. Breki hizo zilipimwa kusimamisha pikipiki na mtu na mzigo wake, na sasa zinaombwa kusimamisha tani moja. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka takribani mara nne. Ndiyo maana chombo kinachosimama vizuri kikienda kama mtu akimbiaye kinaweza kuua kikienda kama basi.

Kwa hiyo ufundi upo, au unafundishika. Tuje kwenye swali la pili, na hapa historia ya eneo letu inasema mengi.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 magari matano ya mfano, Nyayo Pioneer, yalionyeshwa hadharani. Yaliwaka na yakatembea. Hayakufika kwenye uzalishaji wa kuuza. Tanzania ilianzisha rasmi kituo cha Nyumbu, Kibaha, mwaka 1985, chini ya jeshi, na kikatengeneza lori lenye jina hilo. Kituo kipo hadi leo, ila lori la Nyumbu hulioni likisomba pamba ya mkulima. Miradi yote miwili ilithibitisha kwamba gari la kwanza si kazi ngumu kuliko zote. Gari la elfu moja ndilo gumu, kwa sababu linahitaji mashine, mtaji, vipuri na wateja kwa pamoja.

Mfano wa karibuni ni Mobius ya Kenya. Mwanzilishi wake, Mwingereza Joel Jackson, alipata wazo alipokuwa akifanya kazi na wakulima wa miti pwani ya Kenya, akiona jinsi usafiri unavyowarudisha nyuma. Gari lake lilikuwa karibu na tunalolijadili: fremu ya bomba za chuma, tumbo la juu, hakuna mapambo, na nguvu kwenye magurudumu ya nyuma tu ili bei isipande. Hata hivyo toleo la pili la Mobius II liliuzwa kwa takribani shilingi milioni 1.3 za Kenya. Kwa pesa hizo au pungufu mtu aliweza kupata gari lililotumika kutoka Japani, lenye vipuri kila mji na linalouzika tena. Probox inajulikana Kenya nzima; Mobius ilibidi ijieleze. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufunga, ikitaja kodi na mazingira magumu ya biashara, kisha muda mfupi baadaye ikasema imepata mnunuzi.

Kuna waliopita njia nyingine. Nchini Uingereza mbunifu Gordon Murray alichora lori la OX, ambalo husafirishwa likiwa vipande na kuunganishwa linakokwenda. Lilipofika Rwanda kufanya kazi, kampuni haikuwauzia wakulima malori. Iliwauzia nafasi ndani ya lori, kwa mzigo na kwa safari. Tunaona hapo kuna jambo la kufikiriwa na vyama vyetu vya ushirika: mkulima mmoja hahitaji gari siku 365. Analihitaji wiki za mavuno, na siku mama anapougua.

Inabaki sheria. Utaratibu wa kusajili gari katika nchi zetu umejengwa juu ya vyombo vya aina mbili: kilichoingia bandarini na kilichotoka kiwandani. Afisa anauliza nyaraka za forodha, namba ya chasisi, namba ya injini. Fundi wa kijijini ana namba ya chasisi ya gari moja, injini ya jingine, na risiti ya chuma chakavu, akibahatika kuwa nayo. Bila usajili hakuna bima. Bila bima, aliyegongwa hana pa kudai, na mwenye gari anaweza kuuza shamba kulipa matibabu. Polisi anayelizuia gari hilo barabarani hakosei, hata kama inauma.

India ilipita hapo. Wakulima wa kaskazini waliunda magari yaitwayo jugaad kwa injini za pampu za maji, na yalibeba watu wengi kwa miaka mingi bila namba wala breki za kuaminika. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo ilisema hayapaswi kutembea barabarani bila kutimiza sheria ya magari. Uingereza, kwa upande mwingine, ina mlango maalumu: mtu aliyejenga gari moja nyumbani kwake hulipeleka kwenye ukaguzi wa gari mojamoja. Wanapima breki, usukani, taa, mikanda na ncha kali. Likifaulu linapewa namba. Likishindwa anapewa orodha ya makosa, anarudi gereji.

Mlango wa namna hiyo hauhitaji kujengwa kutoka sifuri. Tanzania ina CAMARTEC mjini Arusha, ambayo tayari kazi yake ni kupima zana za kilimo, na ina SIDO na VETA mikoani. Kenya ina KIRDI na vyuo vya ufundi karibu kila kaunti. Kinachokosekana ni daraja la kisheria la chombo cha shambani: mwendo mdogo unaotajwa, uzito unaotajwa, barabara za vijijini tu, abiria marufuku au wachache, na ukaguzi wa bei ambayo fundi anaimudu. Mbunge au diwani anayekuja kupiga picha na kijana na gari lake anaweza kuulizwa hilo papo hapo, mbele ya watu: fomu ipi ajaze, na ofisi gani itampokea?

Wakati fomu hiyo haipo, aliyejenga gari lake alitumie ndani ya shamba lake, asipakie watu wa nyumba nyingine, na asitoke nalo barabara kuu hata kwa safari ya kilomita moja ya kwenda kujaza mafuta. Mafuta yaletwe na bodaboda, kwenye chombo cha kubebea mafuta kinachofungwa vizuri.