Daftari la Wiki: Fukusi wa Milima Mitatu

Mwaka 2017 mtaalamu wa wadudu Vasily Grebennikov, anayefanya kazi Ottawa, Kanada, alitangaza jenasi mpya ya fukusi kutoka Tanzania. Aliiita Lupangus, akaweka ndani yake spishi tatu ambazo sayansi ilikuwa haijazipa jina: Lupangus asterius wa Usambara Mashariki, Lupangus jason wa Uluguru na Lupangus orpheus wa Udzungwa. Wote wana urefu wa milimita chache. Hawaruki. Makazi yao ni majani makavu yaliyolaliana chini ya miti ya msituni, na kila spishi ina mlima wake. Nimeisoma habari hiyo tena na tena wiki hii, na kila nikiisoma naona inastahili kujulikana na watu wengi zaidi ya wale wachache wanaosoma majarida ya wadudu.

*

Kwa wengi wetu fukusi ni adui wa ghala. Jumanne nilikuwa sokoni, mteja mmoja akamwambia muuza mahindi, “Mama, haya yameshaingiliwa.” Yule mama hakubisha. Alichota kwa kiganja, akapuliza vumbi, akaonyesha punje mbili zenye matobo, kisha akafungua gunia jingine.

Fukusi huyo wa mahindi ana mabawa, na pale mabawa yasipomfikisha hubebwa guniani. Ndiyo maana yuko karibu kila nchi yenye joto inayolima mahindi. Dumuzi naye, ambaye si wa ukoo wa fukusi ingawa hasara yao inafanana, asili yake ni Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alithibitika kuwapo Tabora, na kutoka huko akasambaa mikoa na nchi jirani kwa kufuata magunia. Ukichora ramani ya wadudu hawa wawili, unachora njia za biashara. Ukichora ramani ya Lupangus, unachora msitu ulivyokuwa kabla binadamu hajawa na njia yoyote.

*

Milima ya Tao la Mashariki inaanzia Taita, Kenya, inapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge. Miamba yake ni ya kale mno. Mvua yake inatoka Bahari ya Hindi, na kwa sababu hiyo, Afrika ilipopitia vipindi virefu vya ukame, misitu ya nyanda za chini ikatoweka na ile ya miteremko inayopokea ukungu wa bahari ikabaki. Kila mlima ukageuka kisiwa chenye unyevu katikati ya nyika.

Aliyewahi kupanda basi Morogoro kwenda Mang’ula anaijua nyika hiyo. Unaiacha Uluguru kushoto, unapita Mikumi penye nyasi, swala na jua kali, ndipo ukuta wa Udzungwa unajitokeza mbele yako. Ni safari ya saa chache. Mdudu asiye na mabawa, anayekauka akitoka kwenye majani yenye unyevu, hawezi kuifanya safari hiyo asilani. Vinasaba vinaonyesha kwamba fukusi wa Uluguru na wa Udzungwa ni ndugu wa karibu, na yule wa Usambara Mashariki ndiye aliyejitenga mapema zaidi. Utengano huo unakadiriwa kwa mamilioni ya miaka. Maana yake, babu yao wa pamoja aliishi wakati majani yenye unyevu yalipoweza kumfikisha kutoka mlima hadi mlima. Wataalamu wa hali ya hewa ya kale husoma matope ya maziwa na chavua. Mimi nashawishika kwamba fukusi hawa nao ni kumbukumbu ya mvua, tena kumbukumbu inayotembea.

*

Kuwaainisha si kazi nyepesi. Familia ya fukusi, Curculionidae, ina zaidi ya spishi 50,000 zilizokwisha kupewa majina, na maisha ya chini ya majani yana tabia ya kuwafananisha hata wasio ndugu. Mabawa ya kurukia hupotea. Magamba mawili ya mgongoni hushikana. Mabega, ambayo kwa mbawakawa anayeruka huwa mapana, huviringika kwa kuwa hakuna misuli ya kuruka ya kuyajaza. Ukitazama umbo la nje tu, utawaweka nyumba moja wasiokuwa na undugu wowote. Kwa hiyo mtaalamu humpasua dume chini ya darubini na kukagua kiungo chake cha uzazi, ambacho umbo lake hutofautiana baina ya spishi zinazokaribia kulingana kwa kila kitu kingine. Kisha husoma kipande cha jeni ya COI, herufi zipatazo 650, na kukilinganisha na vya wengine. Mwisho, mdudu mmoja huteuliwa kuwa shahidi wa jina, akatunzwa makumbusho. Siku likizuka bishano, ndiye atakayerejewa.

*

Namna ya kumpata fukusi wa aina hii naipenda kwa sababu haitaki mitambo. Unakusanya majani na udongo wake wa juu, unayatia kwenye chekeche, unatikisa kama mtu anayechunga unga. Majani makubwa yanabaki juu; vumbi, vijiti na wadudu vinashuka. Hayo yaliyoshuka unayatia kwenye vyandarua vidogo ndani ya mfuko wa kitambaa, unauning’iniza kivulini, chini yake kuna chupa ya spiriti. Kadiri majani yanavyokauka, wadudu wanahangaika kutafuta unyevu, wanatoka wavuni na kuangukia chupani. Baada ya siku chache unakuta buibui wadogo, sisimizi, jongoo, na mara nyingine, ukiwa na bahati, fukusi ambaye hajawahi kuandikwa popote.

*

Katika hesabu za misitu, hekta ni hekta. Hapo ndipo nisipokubaliana na hesabu hizo. Shamba la mikaratusi ni miti, linatupa nguzo na kuni, na sina ugomvi nalo likiwa mahali pake. Lakini msitu wa asili ukifyekwa Uluguru ukafidiwa kwa miche Udzungwa, hakuna fidia iliyotolewa kwa L. jason, kwa maana hana tawi jingine popote duniani. Hata mti mmoja mgeni una athari. Msizi, yaani Maesopsis eminii, ambao kwao ni upande wa Ziwa Viktoria, ulipelekwa Usambara Mashariki na kuenea kwenye mapengo yaliyoachwa na ukataji wa magogo. Majani yake huoza upesi. Kwa mbali unaona mlima wa kijani. Ukiinama unakuta godoro la majani limekonda.

*

Mwaka 2005 kipunji alipotangazwa kwa ulimwengu, kima huyo wa Nyanda za Juu Kusini na Udzungwa alistahili shangwe aliyopata. Sanje naye, kima anayeitwa kwa jina la maporomoko ya huko, huwavuta wageni Mang’ula, penye hifadhi ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Ningependa watoto wa shule wanaopelekwa kuyaona maporomoko hayo waonyeshwe na L. orpheus pia. Picha kubwa ya darubini ibandikwe ukutani, na nje ya mpaka wa hifadhi, mahali panaporuhusiwa, mwalimu awe na chekeche na shuka jeupe. Watoto wachekeche majani wenyewe, wahesabu miguu ya kila kinachotambaa, watenge wenye sita na wenye nane, kisha wayarudishe majani yote palepale walipoyatoa.