Mgonjwa si Gunia



Katika wodi nyingi amri ni moja: atakayepasuliwa kesho asile wala asinywe kuanzia saa sita usiku. Wa kupasuliwa asubuhi na wa kupasuliwa alasiri hufungwa mdomo pamoja. Hivyo mkata miwa mwenye ngiri, ambaye zamu yake ni saa tisa alasiri, hukaa masaa 15 bila tone la maji.

Ni kweli, tumbo lililojaa ni hatari mtu akitiwa usingizi, kwani matapishi yaweza kuingia mapafuni. Lakini mwaka 1999 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo: kwa mtu asiye na maradhi mengine, chakula chepesi kikome masaa 6 kabla ya kupasuliwa, na maji matupu masaa 2. Mja mzito, mwenye kisukari na aliyeletwa kwa dharura, kila mmoja aamuliwe peke yake.

Usinywe kwa siri. Muulize mwuguzi: zamu yangu saa ngapi, na maji mwisho saa ngapi? Nanyi wajumbe wa matawi, mkikaa na mwajiri juu ya matibabu, liulizeni jambo hili. Gunia ndilo lisilosikia kiu.