Ukiuza kuku wadogo, usiku wa kwanza bado ni wako

Leo sina somo la kupiga picha wala la kupanga bei. Nina neno na sisi tunaouza kuku wadogo mtandaoni, wale wa wiki nne, tano, sita. Mnaouza vitu vingine pia kaeni, mwisho linawagusa.

Neno lenyewe ni hili: ukimuuzia mtu kuku wadogo, usiku wao wa kwanza kwenye banda lake bado ni kazi yako. Sio yake peke yake. Najua wengi hamtakubali. Hata mimi nilikuwa sikubali, mpaka yaliponikuta.

Mimi sijasomea mifugo. Niliishia kidato cha nne, nikaanza na duka dogo la chakula cha kuku hapa Iringa. Baadaye nikatengeneza bruda nyuma ya duka, nikawa nalea vifaranga chotara mpaka mwezi mmoja ndipo nawauza. Picha naweka WhatsApp, oda zinaingia, boda anapeleka. Na kwenye kila tangazo nilikuwa naandika maneno yale yale tunayoandika wote: "Kuku wa mwezi mmoja, wamechanjwa, hawahitaji joto tena."

Mwezi wa saba mwaka jana mama mmoja wa Kihesa alichukua kuku 30, kwa 5,000 kila mmoja. Alilipa laki na nusu yote kabla, wala hakuomba kupunguziwa. Siku hiyo oda zilikuwa nyingi, kuku wake wakatoka dukani saa kumi na mbili jioni. Akanipigia kwamba wamefika, wazuri, wamechangamka. Nikamjibu, "Asante mama, karibu tena." Nikalala usingizi wangu.

Kesho yake alfajiri akanitumia ujumbe wa sauti. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, njoo uone. Kuku wamekufa kumi na moja."

Nikaenda. Banda lake lilikuwa zuri kuliko langu. Bati jipya, wavu mzima, mlango una komeo. Hakuna damu, hakuna alama ya paka wala kicheche. Waliokufa wote walikuwa kwenye pembe moja, wamelaliana kama nguo chafu, wa chini wamekuwa bapa kabisa. Usiku walisikia baridi, wakaona giza wasilolijua, wakakimbilia pembeni, kila mmoja akawa anaingia chini ya mwenzake. Wa juu wakapona, wa chini wakakosa hewa.

Nikampa pole, halafu nikasema kitu ambacho mpaka leo nakionea aibu. Nikasema, "Lakini mama, kuku wakishapokelewa wazima, inakuwa ni juu ya mteja." Akaniangalia tu. Akaniuliza, "Sawa mwanangu. Ila huko kwako walikuwa wanalalaje?"

Hapo sikuwa na jibu. Kwangu walikuwa wanalala chini ya taa. Hata usiku wa kuamkia siku niliyomuuzia walilala chini ya taa, ndani, hamna upepo. Nimeandika hawahitaji joto tena, na sijawahi kuwazimia taa hata usiku mmoja nione kama ni kweli. Umri nilihesabu kwenye kalenda, kuku wenyewe sikuwaangalia.

Nilikaa na hilo jambo siku tatu. Ya nne nikampelekea kuku 11 wengine. Alinishukuru vizuri. Ila hajaagiza tena mpaka leo, na simlaumu.

Sasa tuongee ukweli kuhusu hayo maneno "mwezi mmoja". Kifaranga kwenye wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35. Kila wiki unapunguza kama nyuzi 3. Piga hesabu: ukianza na 33, wiki ya pili ni 30, ya tatu 27, ya nne 24, ya tano 21. Usiku wa Dar mwezi wa kwanza una joto la hivyo au zaidi. Usiku wa Iringa, Njombe au Mbeya mwezi wa saba uko chini sana ya hapo. Kwa hiyo kuku wa mwezi mmoja wa Dar na wa mwezi mmoja wa huku kwetu sio bidhaa moja, hata kama picha zinafanana.

Kinachomlinda kuku na baridi ya usiku ni manyoya yaliyokamilika, mgongoni, kifuani mpaka shingoni. Sio yale laini ya utotoni. Kwa wengi yanakamilika kama wiki ya sita hivi, wengine wanachelewa. Mshike, mgeuze, mwangalie. Kalenda haina manyoya.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia.

Wa kwanza atasema, "Mteja ajifunze mwenyewe, YouTube ipo." Ndugu yangu, mtu hatafuti kitu asichojua kama kipo. Mteja anajua kuku hulala bandani, basi. Wale wa kienyeji aliokua nao nyumbani walilala bandani bila kufundishwa na mtu. Anachosahau ni kwamba walikuwa na mama. Mama ndiye aliyewafunika na mabawa, na jioni ndiye aliyetangulia kuingia nao wakafuata. Hawa wetu hawajawahi kuwa na mama. Mama yao ni taa, na sisi tumemuuzia kuku bila taa, tena hatujamwambia.

Wa pili atasema, "Ukimweleza yote hayo utamtisha, hatanunua." Wapo waliotishika, ni kweli. Lakini anayenunua akafiwa na kuku, yeye hatishiki peke yake. Anawaambia wenzake wa kikoba, wa kanisani, wa mtaani.

Wa tatu ndiye mwenye hoja: gharama. Kuku akikaa kwangu wiki moja zaidi anakula, na chakula sio bure. Nilipandisha bei kutoka 5,000 hadi 6,000 na wateja kadhaa wakahama. Sitawadanganya kwamba walirudi. Wengine hawakurudi. Ila simu za alfajiri zimekwisha, na hata usingizi wa muuzaji una bei yake.

Hiki ndicho ninachofanya sasa. Chukua kinachokufaa.

1. Nawaachisha taa kabla ya kuwauza. Naanza kuzima mchana, baadaye nazima usiku. Lazima walale usiku tatu mfululizo bila taa na bila kulundikana. Wakilundikana hawauzwi, hata kama mteja ameshalipa. Namwambia asubiri.

2. Napeleka asubuhi tu. Kuku haoni vizuri gizani. Anahitaji mchana mzima ajue maji yako wapi, chakula kiko wapi, ukuta uko wapi. Oda ya jioni inalala kwangu.

3. Kabla kuku hawajatoka, namtumia mteja ujumbe wa sauti. Sio karatasi ndefu, dakika tatu tu, kwa lugha ya nyumbani. Namwambia haya:

Ziba pembe za banda kwa boksi gumu, ziwe za mviringo, wasipate kona ya kubanana. Mwaga maranda makavu au pumba za mpunga chini, unene wa vidole vinne hivi.

Hewa ipite juu, karibu na paa, sio chini wanapolala. Usizibe banda lote kwa kuogopa baridi, unyevu na harufu ya kinyesi vitawaumiza kifua. Na jiko la mkaa usiwafungie nalo ndani. Hewa yake inaua bila kelele, na maranda yanashika moto.

Usiwachanganye na kuku wakubwa siku hiyo. Watapigwa, na usiku watajibana kwa woga.

Wafungie ndani siku tano mpaka saba bila kuwatoa, chakula na maji humo humo. Wanatakiwa wajue kwamba hapa ndipo nyumbani.

Siku ya kuwaachia, wafungulie saa kumi na moja jioni, sio asubuhi. Wakiwa hawajaenda mbali, giza linaanza, chakula chao cha jioni kiko ndani, wanarudi wenyewe. Kesho yake unawahisha kidogo, na kesho kutwa kidogo tena.

Kuku hawapendi kuingia kwenye shimo la giza wakati nje bado kuna mwanga. Weka taa ndogo ndani ya banda jioni, hata ya sola, mpaka wote waingie. Ukishafunga mlango, zima.

Wakikataa na kulala nje juu ya tofali, usiwakimbize na fimbo. Subiri giza, gizani kuku anatulia. Mshike taratibu, mwingize, mmoja mmoja. Utafanya hivyo siku kadhaa, utachoka, halafu jioni moja utakuta wameshaingia wote wanakusubiri ufunge.

Fito za kulalia ziwe chini kwanza, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, ubao uwe na upande bapa. Usiwalazimishe kupanda. Wiki za mwanzo wakilala chini ni sawa tu.

4. Saa mbili usiku napiga simu. Hii ndiyo wenzangu wanaicheka zaidi, na ndiyo ninayoiamini zaidi. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, hebu wamulike kidogo, wamelalaje?" Akisema wametawanyika, wametulia, naaga. Akisema wamekwenda kona moja, namwambia awatenganishe kwa mkono, na kama baridi ni kali awaweke kwenye boksi kubwa lenye maranda na matundu, walale ndani ya nyumba usiku huo. Simu yenyewe haimalizi dakika mbili. Kuku kumi na moja kwa bei ya wakati ule walikuwa elfu hamsini na tano.

Kuna wanaosema kwa kufanya hivi najibebesha mzigo wa mteja. Mimi naona mzigo ulikuwa wangu tangu mwanzo, nilikuwa naupakia kwenye boda pamoja na tenga. Aliyewazoesha taa ni mimi. Aliyeandika hawahitaji joto ni mimi. Mteja aliamini tu.

Na ninyi mnaouza vitu vingine, hili mnalo pia. Unayeuza miche, kuna siku yake ya kwanza nje ya kivuli. Unayeuza kitenge, kuna kufuliwa kwake kwa kwanza. Unajua kitakachotokea, mteja hajui. Kuandika "bidhaa ikipokelewa hairudishwi" hakuondoi kile unachokijua.

Kama hukubaliani na mimi, andika hapo chini, tubishane kistaarabu. Na kama una oda ya kuku wadogo inayotakiwa kutoka leo jioni, mpigie mteja umwambie ukweli, kuku walale kwako. Watoke kesho asubuhi.